Dhamana ya ukandarasi kwenye halmashauri tatu: kwa nini mdhamini anataka na saini ya mume wangu?

Binti Mwashi anauliza

Habari zenu wakuu. Naomba mnivumilie kidogo, jambo lenyewe lina matawi.

Mimi ni mwashi, na baba yangu alikuwa mwashi kabla yangu. Mwaka huu mgongo ulimkatalia, akanikabidhi kikosi: mafundi sita, mashine ya kuchanganyia zege na daftari la wateja. Tunajenga nyumba za kuishi, kuta za kuzuia udongo na vyumba vya nyongeza. Tunazunguka miji mitatu iliyopakana. Kuna mtaa ambao nyumba za upande huu wa barabara ziko chini ya halmashauri moja, na za upande wa pili ziko chini ya nyingine.

Baba alifanya kazi kwa jina lake mwenyewe. Mimi nilifungua kampuni, kwa sababu sikutaka siku moja ukuta ulete kesi halafu waje wachukue na kitanda ninacholalia. Kwa hiyo nikaenda kujiandikisha upya. Mji wa kwanza walitaka fomu, ada, cheti cha bima ya madhara kwa watu wengine na cha bima ya wafanyakazi. Nikatoka na namba siku hiyohiyo. Mji wa pili walitaka hayo yote na juu yake dhamana. Iandikwe kwenye fomu yao wenyewe, iwe nakala halisi yenye muhuri wa mdhamini, na iambatane na hati inayoonyesha kwamba aliyesaini ana mamlaka ya kusaini. Mji wa tatu ndiko nilikokwama. Nilipeleka dhamana ya baba, ambayo bado ina miezi mitano. Karani akaitazama, akasema, "Jina lililo hapa silo lililo kwenye fomu yako," akanirudishia.

Na huko huko kwenye mji wa tatu nilikuwa nimeshaanza kuchimba msingi wa mteja. Mkaguzi wa majengo alipita Jumanne, akaniuliza namba ya usajili, nikampa ya baba. Jumatano asubuhi nikakuta karatasi ya kusimamisha kazi imebandikwa kwenye nguzo ya geti. Mtaro uko wazi, nondo zilizosukwa ziko chini ya turubai, na mawingu yanajikusanya. Mteja ni mama mtu mzima. Hajanipandishia sauti hata mara moja, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Naomba mnisaidie. Bima ninazo na nazilipia vizuri. Dhamana inaongeza nini? Mdhamini niliyemwendea anataka nisaini mkataba wa kumfidia, mimi binafsi pamoja na mume wangu, ilhali mume wangu ni mwalimu na hajawahi kushika mwiko. Lazima akubali? Na kweli hakuna namna ya dhamana moja kutumika kwenye halmashauri zote tatu?

Karani Mstaafu anajibu

Pole sana, mwanangu. Nilikaa miaka 22 kwenye dirisha la usajili wa makandarasi, na watu wa namna yako, waliorithi kazi ya mzazi wakadhani wamerithi na karatasi zake, nimewarudisha wengi. Nitajibu kwa mpangilio wa haraka yake, si kwa mpangilio ulioulizia.

Kwanza mtaro. Usimwage zege, hata kama mteja atakwambia umwage. Zege likishafunika nondo kabla ya ukaguzi, unaweza kuambiwa ubomoe ili zionekane, na gharama itakuwa yako. Lakini agizo la kusimamisha kazi halimaanishi uache shimo likiwa hatari. Mwandikie mkaguzi leo, kwa maandishi, umuombe ruhusa ya kuegemeza kingo kwa mbao, kuzungushia uzio na kuweka njia ya kutolea maji. Sijawahi kuona mkaguzi akikataa ombi hilo. Ukifanya bila kuomba, atakayepita atahesabu kwamba umeendelea na kazi.

Pili, ile namba ya baba uliyoitoa. Nenda ofisini mwenyewe kabla hawajakuita. Eleza kwamba biashara imebadilika mwenye, kwamba ulidhani namba inaendelea, na kwamba unaomba kusajiliwa upya. Halmashauri nyingi zinatofautisha aliyekosea akajileta na aliyekamatwa akitumia usajili wa mtu mwingine. Huyo wa pili hufungiwa. Wewe uko katikati ya hao wawili sasa hivi, na kila siku unayongoja inakusogeza upande mbaya.

Sasa jina. Karani yule hakukuonea. Dhamana ina watu watatu ndani yake: mkandarasi anayeahidi, halmashauri inayoahidiwa, na mdhamini anayesema, "Huyu akivunja ahadi yake, nitalipa hadi kiasi fulani." Dhamana ya baba inamfunga mdhamini kwa makosa ya baba. Kampuni yako mbele ya sheria ni mtu mwingine kabisa, aliyezaliwa juzi. Mteja wako angepata hasara akaenda kudai kwenye dhamana ile, mdhamini angejibu kwamba hakijui chombo hicho, na angekuwa na haki. Ndiyo maana dirishani tulikuwa tunalinganisha herufi kwa herufi: jina la kampuni kama lilivyo kwenye cheti cha usajili wa biashara, anwani, tarehe ya kuanza. Niliwahi kurudisha dhamana kwa sababu ya neno "na Wana" lililoachwa nyuma. Mkandarasi alikasirika sana. Miezi mingi baadaye alikuja kunishukuru, kwa sababu mdhamini alikuwa ameandika kampuni ya binamu yake.

Ile ya baba usiikatishe kwa hasira. Kazi alizofanya mwenyewe bado zinaweza kuletewa madai. Mdhamini akiitoa, kwa kawaida hulazimika kuiarifu halmashauri mapema, mara nyingi siku 30 kabla, na kutoka kwake hakufuti wajibu wa kazi zilizofanyika dhamana ikiwa hai.

Sasa swali lako la bima, ambalo ndilo zito. Bima inalipa kwa bahati mbaya: tofali limeanguka likampiga mpita njia, fundi ameteleza kwenye jukwaa. Mwenye bima anajua ajali zitatokea, ndiyo maana anakusanya michango ya wengi. Dhamana inalipa kwa ahadi iliyovunjwa: umeacha kazi nusu, umejenga kinyume na kanuni za ujenzi ukakataa kurekebisha, umechimba barabara ya mji hukuifukia. Na mdhamini hategemei kulipa kabisa. Akilipa, anakugeukia wewe umrudishie chote pamoja na gharama za wakili. Ile ada unayomlipa kila mwaka, ambayo kwa mwenye rekodi safi huwa asilimia chache tu ya kikomo cha dhamana, ni malipo ya kutumia jina lake. Haikununulii kinga yoyote. Kwa hiyo unapoingia kwa mdhamini, ingia na akili ya mtu anayeomba mkopo, maana ndivyo atakavyokupima: hesabu zako, madeni yako, kazi ulizomaliza.

Nieleze na kikomo, maana wateja wengi huumia hapo. Nilikuwa na faili moja ambalo sitalisahau. Mkandarasi alichukua malipo ya awali kwenye nyumba nne, akatokomea. Familia nne zilikuja dirishani, kila moja ikiamini kwamba dhamana nzima ni yake. Kikomo kilikuwa kimoja kwa wote. Ukijumlisha madai yao, dhamana ilitosha karibu robo. Familia iliyokuwa imetunza mkataba, risiti na picha ilikuwa na madai yaliyokamilika ndani ya wiki. Nyingine ilikuwa na ahadi za mdomo tu na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli. Niliwaangalia wakitazamana pale kwenye benchi. Ndiyo maana nawaambia wateja wasiridhike kusikia kwamba mkandarasi ana dhamana. Waulize ni ya kiasi gani na ana kazi ngapi mkononi.

Halmashauri moja kudai na nyingine kutodai inategemea nani juu yao ameshashika jambo hilo. Kuna nchi na majimbo ambako usajili unafanyika mara moja kwa eneo lote. California ina bodi ya jimbo zima, na tangu Januari 1, 2023 dhamana ya leseni huko ni dola 25,000. Kabla ya hapo ilikuwa 15,000. Kenya makandarasi wanasajiliwa na mamlaka ya taifa iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na Tanzania ni bodi ya taifa chini ya sheria ya 1997. Ohio na Texas hakuna leseni ya jimbo kwa mkandarasi wa jumla, kwa hiyo miji imebaki kujipangia, na unaweza kuvuka barabara ukakuta masharti mengine. Ninyi inaonekana mko kwenye hali hiyo ya pili. Dhamana moja haitatumika mijini mwote, kwa sababu kila dhamana inamtaja anayeahidiwa kwa jina, na mji wa pili hauwezi kudai kwa ahadi iliyotolewa kwa mji wa kwanza. Kinachowezekana ni mdhamini mmoja akupime mara moja, akuandikie dhamana kila unakotakiwa kwa bei ya pamoja. Na umuombe tarehe za kumalizika ziwe siku moja. Makandarasi wengi niliowafuta rejistani hawakuwa wabaya, walisahau tarehe.

Fundi Paa anajibu

Dada, mzee hapo juu amesema mdhamini akilipa anakugeukia. Mimi nimegeukiwa. Nitakueleza ilivyokuwa ili yasikukute.

Niliezeka nyumba moja, paa la mabati, kazi safi. Mvua ya kwanza ikavuja pale paa linapokutana na ukuta wa ghorofa. Mteja akanipigia, nikaenda, nikaziba. Ikavuja tena. Safari ya pili tukabishana: mimi nikasema ufa uko kwenye plasta ya ukuta, ambayo haikuwa kazi yangu, yeye akasema ni paa. Nikaondoka nikijua niko sahihi. Hadi leo naamini nilikuwa sahihi.

Akaandika malalamiko halmashauri, kisha akadai kwa mdhamini. Mdhamini akaniletea barua: toa maelezo yako na vielelezo ndani ya siku 14. Nilikuwa kwenye kazi kubwa mji mwingine. Barua niliiweka kwenye gari, juu ya dashibodi, nikasema nitaijibu Jumapili. Ikaja ya pili. Nikasema si nina haki, wataona wenyewe. Mdhamini hakuja kuona paa. Alikuwa na madai ya mteja yenye picha tisa na tathmini ya fundi mwingine, na upande wangu alikuwa na ukimya. Akalipa. Kisha ikaja barua ya tatu, na hiyo ilikuwa na hesabu ya kunidai mimi, pamoja na ada ya wakili wao.

Nilimlipa kwa awamu kwa miaka miwili. Na huo haukuwa mwisho, kwa sababu halmashauri ikasimamisha usajili wangu mpaka dhamana ijazwe tena, na hakuna mdhamini mwingine aliyetaka kunigusa kwa bei ya kawaida. Vijana wangu wawili niliowafundisha tangu kushika nyundo waliondoka kwa sababu sikuwa na kazi ya kuwapa.

Kwa hiyo mkataba wa kumfidia mdhamini usome sentensi kwa sentensi. Tafuta mahali panaposema mdhamini anaweza kulipa au kupatana na mdai kwa uamuzi wake mwenyewe, na kwamba risiti zake za malipo ni ushahidi wa deni lako. Karibu mikataba yote ina maneno hayo. Hutayatoa. Lakini ukijua yapo, barua ya kwanza ikifika utaijibu usiku huohuo. Piga picha kila hatua: msingi kabla ya zege, nondo na nafasi zake, unyevu wa ukuta kabla hujaugusa. Picha za mteja zilikuwa tisa. Mimi sikuwa na hata moja.

Kuhusu shemeji: wanamtaka kwa sababu wanaogopa mkandarasi atahamishia nyumba na gari kwenye jina la mwenzi wake siku mambo yakiharibika. Mke wangu alisaini. Sikumweleza vizuri alichokuwa anasaini, na hilo ni kosa langu la ndani ya nyumba ambalo halikuhusu mabati kabisa. Kaa na mumeo, mweleze yote, kisha aamue mwenyewe.

Mwenye Nyumba anajibu

Mimi si mjenzi. Naandika kwa ajili ya yule mama mwenye mtaro.

Nilipojenga nyongeza ya vyumba viwili nilipewa namba ya usajili na mkandarasi, imeandikwa vizuri kabisa kwenye karatasi yake ya makadirio. Nikapiga simu ofisi ya majengo kuuliza kama ni hai. Wakanijibu ni hai. Nikaridhika. Nilichosahau kuuliza ni jina. Namba ilikuwa hai lakini ilikuwa ya mtu mwingine, fundi bomba ambaye wala hakujua inatumika. Kazi ilipoharibika, hapakuwa na dhamana, kwa sababu yule niliyempa pesa hakuwahi kuwa rejistani. Nilibaki na kuta zisizo na linta.

Dada, umesema mteja wako hajakupandishia sauti. Nenda kwake na karatasi. Mwambie jina la kampuni, kwamba usajili bado haujatoka, unatarajia lini, na kwamba hutachukua awamu nyingine ya pesa mpaka utoke. Mimi ningeambiwa hivyo na mkandarasi wangu, ningemngoja hata miezi mitatu. Kinachomuumiza mwenye nyumba zaidi ya kuchelewa ni kugundua jambo kutoka kwa mtu mwingine.

Mkadiriaji Majenzi anajibu

Nimesoma yote. Nakubaliana na mengi, ila naona mnachanganya dhamana za aina mbili, na mchanganyiko huo utakuja kumgharimu dada yetu atakapoanza kuomba kazi kubwa.

Mnayoizungumzia ni dhamana ya usajili. Ni ndogo, haifungwi na mradi mmoja, na ahadi yake ni kwamba mkandarasi atafuata kanuni za mji. Kazi za umma zina dhamana zake, kila moja kwa mradi wake: ya zabuni, kwamba ukishinda utasaini mkataba, ya utekelezaji, kwamba utamaliza, na ya malipo, kwamba mafundi na wauza vifaa watalipwa. Hizo mbili za mwisho zina historia ya kujifunza. Marekani mwaka 1894 ilipitisha sheria iliyodai dhamana moja kwa kazi za serikali, ilinde serikali na mafundi kwa pamoja. Serikali ikawa ya kwanza kula, na mafundi wakawa wanangoja muda mrefu, mara nyingi kwa mabaki. Mwaka 1935 sheria ya Miller ikazitenganisha: moja kwa serikali, moja kwa waliotoa jasho na saruji. Sababu ni kwamba huwezi kumlipa fundi bomba kwenye jengo la serikali kwa kulikamata jengo, kama inavyowezekana nchi nyingi kwenye nyumba ya mtu binafsi. Ukiwa mkandarasi msaidizi chini ya msaidizi mwingine kwenye kazi za serikali huko, una siku 90 tangu siku yako ya mwisho kazini kumwarifu mkandarasi mkuu kwamba hujalipwa. Ukipitisha, haki yako ya kudai kwenye dhamana imepotea.

Jambo la pili, soma maneno ya malipo. Kuna dhamana yenye masharti, ambayo mdai lazima athibitishe kosa na hasara yake. Na kuna dhamana ya kulipwa mara tu inapodaiwa, hasa zile za benki, ambayo benki inatazama karatasi tu: barua ya madai imekuja kwa namna iliyotakiwa, pesa inatoka, ugomvi mtamalizana baadaye. Fundi Paa aliumia kwenye ile ya kwanza, ambako angalau aliulizwa. Kwenye ya pili asingeulizwa. Dada, ukiona kwenye fomu ya halmashauri yoyote maneno kama "italipwa itakapodaiwa kwa maandishi mara ya kwanza", usisaini kabla hujaelewa umebeba nini.

Hapa sasa natofautiana na Mzee Karani. Mimi naona dhamana ndogo za usajili zinawapa wateja matumaini kuliko zinavyowapa ulinzi. Ametusimulia mwenyewe familia nne na robo ya hasara. Queensland, Australia, wamechukua njia nyingine: mkandarasi wa nyumba analipia bima inayomlinda mwenye nyumba moja kwa moja, kwa kila kazi ya makazi inayofika kiwango kilichowekwa, na mkandarasi akifilisika au akiacha kazi nusu mwenye nyumba anadai huko. Kinga inakwenda na nyumba, haigawanywi kwa kikomo kimoja kwa wateja wote wa mkandarasi. Kwangu mimi huo ndio utaratibu unaomwona mwenye nyumba.

Karani Mstaafu anajibu tena

Mkadiriaji, hoja yako naikubali kwa nyumba. Kwa mji sikubali. Dhamana ya usajili haikutungwa kumfidia kila mtu. Iliwekwa ili kabla mtu hajachukua pesa ya kwanza ya mteja, kuwe na jicho lingine lililomchunguza. Wengi waliokuja dirishani kwangu bila dhamana walikuwa wamekataliwa na wadhamini watatu, wanne, kwa sababu ya madeni na kazi walizozitelekeza. Ofisi yangu isingeweza kujua hayo. Wadhamini waliyajua, kwa sababu pesa ingetoka mfukoni mwao. Familia nilizowahi kuziona ni zile ambazo mkandarasi wao alipenya kwenye kichujio hicho. Zile ambazo mkandarasi wao hakupita hazikuwahi kufika kwangu, na wala hazijui.

Kiasi ndicho kidogo, hilo nakupa. Halmashauri huandika kiasi kwenye kanuni kisha hukiacha miaka na miaka huku bei ya saruji ikipanda.

Na tusidhani jambo hili ni geni. Sheria za Hammurabi wa Babeli, zilizochongwa kwenye jiwe karibu miaka 3,750 iliyopita, zina kifungu cha 233: mjenzi akijenga nyumba na ukuta ukaegama, atauimarisha kwa fedha yake mwenyewe. Tangu hapo swali limekuwa lilelile la fedha yake itatoka wapi akiwa hana.

Binti Mwashi anarudi

Shikamoo Mzee Karani, na asanteni nyote. Narudi kama nilivyoahidi moyoni.

Mkaguzi nilimwandikia usiku uleule. Asubuhi alinijibu kwa mstari mmoja: egemeza, zungushia, toa maji, usiingize zege wala tofali. Tulifanya siku hiyo, mimi na vijana wanne, mbao na vigingi kila hatua mbili, na mfereji mdogo wa kuelekeza maji nje ya kiwanja. Mvua ilinyesha usiku. Kingo zimesimama. Picha ninazo 31.

Ofisini nilikwenda na baba. Alisisitiza kuja ingawa kukaa kwenye kiti kunamuumiza. Alimwambia karani, "Namba ilikuwa yangu, na mimi ndiye sikumwambia kwamba haihami." Hawakunifungia. Wameniandikia onyo kwenye faili, na nimelipa faini ya kuanza kazi kabla ya usajili. Faini hiyo haitaingia kwenye hesabu ya mteja.

Kwa mama mwenye nyumba nilikwenda na karatasi, kama Mwenye Nyumba alivyonishauri. Alizisoma zote kwa miwani yake, akaniuliza maswali mawili, la pili likiwa kama nimekula. Amekubali kungoja. Tumeandika kwamba awamu ya pili ya malipo itatoka baada ya mkaguzi kupitisha nondo.

Mdhamini wa kwanza nimemwacha. Wa pili alitaka hesabu za miezi yote tangu nifungue kampuni na barua za wateja watatu wa zamani wa baba, akasema kwa kikomo kidogo kama hiki saini yangu na ya kampuni inamtosha, ila nikitaka dhamana za miradi mikubwa tutazungumza upya kuhusu mume wangu. Mume wangu alisoma mkataba wote jana, kurasa kumi na moja, na kalamu nyekundu kama anavyosahihisha madaftari. Amezungushia ile sentensi aliyoitaja Fundi Paa, akaandika pembeni "barua ijibiwe siku hiyohiyo", na tumebandika nakala ukutani juu ya meza ninayofanyia hesabu.

Dhamana za miji miwili zinatoka Alhamisi, tarehe zake zinamalizika siku moja. Limenibakia moja, Mzee Karani: ule mtaa ambao barabara ndiyo mpaka. Nimeombwa ukuta wa kuzuia udongo ambao msingi wake utakaa upande mmoja na mabomba ya kutolea maji yatavuka kwenda upande wa pili. Kibali naombea wapi, na nikichimba hiyo barabara, ni dhamana ya mji upi inayosimama?